Mswada Ulioingia Nyumbani Kwetu

Mwaka ule mswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa Bungeni, wazazi wangu walibishana mbele ya watu katika ukumbi wa mji wa Machakos, mheshimiwa mbunge akiwa amesimama jukwaani na kipaza sauti mkononi, hajui amsikilize nani. Sikuwahi kuwaona wakibishana hadharani kabla ya siku ile. Nyumbani walibishana kila wiki, lakini kwa sauti ya chini, na aghalabu kuhusu Kiswahili.

Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa na kufia Machakos, lakini lugha ya kwao ilibaki nyumbani kwetu kama sahani za kauri zisizotolewa kabatini ila kwa wageni. Mama alikuwa Mkamba wa upande wa Kithimani, aliyesilimu alipoolewa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu. Akisema, "Niko na njaa," Baba alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Nina njaa." Mama naye alisema, "Basi tule, kama wewe pia uko nayo."

Mama alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ng'ambo ya Kithimani. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alilala huko, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya zahanati. Ijumaa jioni alifika nyumbani na mfuko wa ndengu na vumbi jekundu kwenye viatu vyake vyeupe. Jumamosi asubuhi Baba ndiye aliyepika, mbaazi za nazi na mahamri, na nyumba nzima ilinukia iliki na moshi wa pasi ya makaa, kwa kuwa alikuwa akipika huku akipiga pasi suruali za wateja. Nikiwa popote leo, nikisikia harufu ya kitambaa chenye maji kikiguswa na pasi ya moto, namwona Mama ameketi kizingitini, miguu ndani ya beseni, akitusimulia wagonjwa wake bila kuwataja majina.

Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye hakutusimulia. Huyo nilimjua kwa sababu nilikwenda na Mama kumtafuta.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na nikaenda kukaa na Mama zahanati. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kabla ya hapo matibabu ya zahanati yalikuwa bure. Kisha waraka ukaja, karatasi moja iliyoletwa na dereva aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine, kwamba wagonjwa wataanza kuchangia. Mama aliniambia ulifika Jumatatu, na Jumanne akatakiwa aanze. Waraka ulisema maskini wasamehewe. Haukusema ni nani wa kuamua nani ni maskini, wala mtu aamuliwe vipi mbele ya jirani zake wote walio kwenye benchi.

Miezi ikapita, malalamiko yakawa mengi, na waraka mwingine ukaja kuondoa yale malipo. Huo ndio uliofika nikiwapo. Mama aliusoma akiwa amesimama, akaukunja, kisha akatoa madaftari yote ya wagonjwa akayapanga mezani. Tulishinda tukiyapitia. Alitaka kujua ni nani aliyekuwa akija kila mwezi na kisha hakuonekana tena.

"Huyu," alisema, kidole kikiwa juu ya mstari. "Wa kifafa. Anatoka mbali, upande wa Ndithini. Hajawahi kukosa tarehe, hata wakati wa mvua. Ona, tangu hiyo karatasi, hakuna."

"Labda amepona," nilisema.

Mama alinitazama kama Baba anavyomtazama mtu aliyekata kitambaa kinyume.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kliniki ya asubuhi, tuliondoka. Tulipata lori la mchanga lililotufikisha nusu ya njia, tukaendelea kwa miguu tukiuliza. Mama alikuwa na chupa ya vidonge mfukoni, na kila baada ya hatua kadhaa nilivisikia vikigongana.

Tulimkuta uani kwake, mama wa makamo, ameketi juu ya ngozi. Alikuwa msusi wa viondo, na kazi yake ilijulikana mpaka soko la Kithimani. Kando yake palikuwa na kiondo kilichosukwa nusu, nyuzi za katani zikiwa zimetawanyika pande zote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cha kanga. Alimtambua Mama, akataka kusimama.

"Kaa, mwaitu, kaa," Mama alimwambia, akimwita kwa jina la heshima ambalo Wakamba humwita mama mzazi. Akachuchumaa, akafungua kile kitambaa polepole.

Aliangukia moto. Siku za vidonge vyake zilipokwisha, alisikia sokoni kwamba sasa ni kulipa, akasema atasubiri auze viondo viwili. Kabla hajauza, kifafa kikamshika akiwa jikoni peke yake. Vidole vitatu vilikuwa vimejikunja na kushikana kama vya mtu aliyeficha kitu kiganjani.

"Lakini hiyo ya kulipa imeondolewa," nilisema. Nilikuwa kijana, nilidhani hiyo ni habari njema. "Imeondolewa. Sasa ni bure tena."

Yule mama alinitazama kwa upole. "Imeondolewa lini?" aliuliza.

Mama alimjibu kwa Kikamba, maneno machache sana, na yule mama akatikisa kichwa. Alituandalia uji, akaupakua kwa mkono wa kushoto, ukamwagika kidogo, na Mama akajifanya hakuona. Tuliporudi, tulitembea mpaka barabarani. Ndipo Mama aliposema, si kwangu hasa, "Karatasi ilikuja mbio, ikatoka mbio. Hakuna mtu aliambia yeye ilipokuja, hakuna mtu aliambia yeye ilipotoka."

Yule mama alirudia dawa, na kifafa kikatulia. Vidole havikunyooka. Nilisikia baadaye kwamba alimfundisha mkaza mwanawe kusuka, akikaa kando yake na kumwelekeza kwa mdomo. Malipo nayo yalirudi tena baada ya muda, kwa waraka mwingine. Safari hiyo Mama aliufungia ule waraka kwenye droo wiki nzima, akapita makanisani, sokoni na kwenye baraza la chifu akiwaeleza watu kwanza, kisha ndipo akaanza kuutekeleza. Alipewa barua ya onyo. Aliiweka katika droo hiyo hiyo.

Miaka ikaenda. Nikapata kazi ya uchapaji katika ofisi ya kiwanda kimoja Athi River, nikawa narudi nyumbani mwisho wa juma, kama Mama. Baba akapata ugonjwa wa sukari. Kisha kidonda kikatoka chini ya mguu wa kulia, mguu wa kukanyagia cherehani, na hakikukubali kupona. Mama, aliyekuwa sasa amehamishiwa zahanati iliyo karibu na mji, alikisafisha kila jioni. Alimwambia aende hospitali kubwa. Baba alisema ataenda. Kadi ya hospitali aliyokuwa nayo Mama kazini ingelipa kitanda tu. Vipimo, dawa na upasuaji vilikuwa juu yetu wenyewe. Na redio ilikuwa ikisema habari za mswada. Kila Mkenya angekuwa na kadi. Angeingia hospitali yoyote na kutibiwa. Baba alifuatilia ule mswada kama wengine wanavyofuatilia ligi. Alijua umesomwa mara ngapi, nani kausifu, nani kaupinga, nani anataka urudishwe kwa kamati ukachunguzwe zaidi. Hao wa kamati aliwachukia waziwazi.

Ndipo mheshimiwa alipoitisha mkutano ukumbini kusikia maoni. Baba alikaa mbele na mguu wake ulioviringwa bendeji. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaketi nyuma na wauguzi wenzake. Mimi nilisimama karibu na mlango. Karibu kila aliyezungumza alisema jambo moja: pitisheni upesi. Watu walipiga makofi. Kisha Mama akainua mkono.

"Mheshimiwa, mimi ni sista," alisema. "Hiyo bima naitaka kuliko mtu yeyote hapa. Lakini niko na ombi. Msikimbie. Hizi sheria zenu zikifika kwetu zinakuwa karatasi moja, na mimi ndio nasimama kwa mlango nayo. Mara ya kwanza mlileta Jumatatu, Jumanne tukaanza, na kuna mama wa Ndithini alipoteza mkono wake hapo katikati. Chukueni hata mwaka mmoja zaidi. Mkuje mkae kwa benchi yetu kutoka asubuhi mpaka saa nane. Halafu mrudi mwandike."

Kisha nikaona Baba ananyanyuka, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Mwaka mmoja zaidi!" alisema. Hakumgeukia Mama, alimwelekea mbunge. "Mheshimiwa, huyo aliyesema ni mke wangu, na ni muuguzi hodari, lakini katika hili usimsikilize. Mguu wangu haujui kamati."

Watu walicheka. Lakini alikuwa ameuinua mguu kidogo ili uonekane, na bendeji ilikuwa imelowa manjano, kicheko kikakatika.

"Baba watoto, kaa chini, utaanguka," Mama alisema kutoka nyuma.

"Nimekaa vya kutosha," alijibu. "Wewe ndiye unayetaka nizidi kukaa."

Mheshimiwa aliwashukuru wote wawili, akasema maoni yao yatazingatiwa, akampa nafasi mtu mwingine. Tulitoka ukumbini watatu, tukatembea nyumbani tukiwa tumeachana hatua kumi kumi, mimi katikati.

Kwa siku mbili Baba alikuwa na adabu kupita kiasi. "Ahsante kwa chai." "Tafadhali nipitishie chumvi." Jioni Mama alileta beseni, dawa na pamba kama kawaida, na Baba alinyoosha mguu akitazama dirishani.

"Inauma?" Mama aliuliza.

"Kamuulize mheshimiwa."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Baba aliniita. Mama alikuwa pale pale, akichagua ndengu kwenye ungo. "Mwanangu, lete karatasi na kalamu," alisema. "Nataka kumwandikia mbunge, nawe ukachape kazini. Mama yako alisema neno lenye maana kwa Kiswahili kibovu. Halitakwenda hivyo. Litakwenda la kwake na la kwangu, barua moja, sahihi mbili. Waamue wenyewe."

"La nani litakuja kwanza?" Mama aliuliza bila kuinua uso.

Walibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mswada. Mwishowe Baba alisema mgeni hutangulia, na kwa kuwa ukoo wake ulikuja Machakos nyuma ya wa Mama, Mama ndiye mwenyeji, angoje. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, kisha akasema hapana, yeye ndiye aliyesema kwanza ukumbini. Baba akakubali.

Mama akaanza. "Mimi niko na miaka ishirini na tatu kwa hii kazi."

"Nina," Baba alisema.

"Andika vile nimesema," Mama aliniambia.

Nikaandika alivyosema. Akaendelea na ule waraka wa kwanza, na benchi, na Baba akamsahihisha mara tatu au nne. Kisha akafika kwa yule mama. Alisimulia yote: madaftari, lori la mchanga, chupa ya vidonge, moto, vidole, lile swali la lini. Zaidi ya lile neno moja la ukumbini, hakuwahi kumwambia Baba. Kwa zaidi ya miaka kumi, Jumamosi zote zile za mbaazi na beseni, alikuwa amekaa na jambo hilo peke yake. Ngeli zilikwenda upande, sentensi zikavunjika, mahali pengine aliingia Kikamba kabisa, na Baba hakusahihisha neno hata moja. Alikuwa amevua miwani.

"Wewe ndiye uliyesimama mlangoni na ile karatasi," Baba alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi nilimwambia. Siku ile karatasi ilifika, kabla hajaenda," Mama alisema. "Nilimwambia tarehe ijayo akuje na pesa. Hakusikia sokoni tu. Alisikia kwangu."

Mimi mwenyewe sikuwa nalijua hilo; siku ile barabarani alisema hakuna aliyemwambia. Kalamu ilisimama. Mama akaniambia niandike hilo pia, nikaliandika.

Ikawa zamu ya Baba. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, nilijua, kwa maana alikuwa akinong'ona peke yake tangu asubuhi. Alianza, "Mheshimiwa, anayeweza kungoja ni mzima." Kisha yale maneno aliyoyaandaa yakampotea, akasema tu kilichokuwepo.

"Andika kwamba mguu wangu sijausikia tangu mwezi wa mfungo. Naukanyagisha cherehani kwa macho. Naangalia chini nijue uko wapi. Wiki iliyopita nilishona kola ya shati la mteja ikapinda kwa sababu nilikuwa naangalia chini. Andika kwamba kidole cha mwisho kimekuwa cheusi kwa ndani, na kila jioni mke wangu anapokuja na beseni nakikunja asikione."

Ungo wa ndengu ulitua chini. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake kabla sijainua kichwa, anafungua bendeji mchana kweupe, saa ambayo si yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali."

"Ndiyo, ningekupeleka!"

"Basi. Nilikuwa nangoja sheria ipite kwanza," Baba alisema. "Nilihesabu, ukisomwa mara ya tatu mwezi huu, mwezi ujao twende na kadi, nisiwatie katika taabu. Halafu wewe ukasimama ukaomba mwaka."

Mama alishika ule mguu kwa mikono miwili. Nilimwona akiubonyeza hapa na pale, akimtazama usoni kila akibonyeza, na uso wa Baba haubadiliki. Alipofika juu ya kifundo ndipo Baba aliposhtuka.

"Kesho tunaenda," Mama alisema.

Tulikwenda. Daktari alisema tungechelewa siku chache tu sumu ingepanda. Walimkata mguu chini ya goti. Waumini wa msikitini, wauguzi wenzake Mama, na wateja wengine ambao suruali zao zilikuwa bado mezani, walitushika mkono tukatoka hospitali bila kuuza cherehani. Yule mteja wa kola alikuja kumwona wodini akiwa amelivaa lile shati, kola imepinda, na Baba alicheka hadi akaombwa anyamaze.

Ile barua niliichapa nikiwa peke yangu ofisini wakati wa chakula cha mchana, Kiswahili cha Mama kama alivyokisema na cha Baba kama alivyokisema, nikaipeleka posta. Jibu lilikuja: karatasi iliyochapwa ya kusema barua yako imepokelewa. Baadaye Bunge liliupitisha mswada. Baba alikuwa amekaa na magongo yake karibu na redio, akapiga kofi moja. Lakini Rais hakuutia sahihi. Ulirudishwa, ikasemwa haukuwa umepikwa ukaiva, gharama zake hazijulikani. Nilitazama nione kama Mama atasema chochote. Alimmiminia Baba chai, akaketi. Baba ndiye aliyesema, "Basi, umepata mwaka wako," na hakukuwa na uchungu katika sauti yake, uchovu tu. Mama akasema si huo aliouomba. Yeye aliomba mwaka wa watu kuja kukaa kwenye benchi, na huu ulikuwa mwaka wa karatasi kukaa kwenye kabati.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nikisikia leo watu wakibishana kama wabunge waharakishe au wapunguze mwendo, nasikia sauti mbili na siwezi kuzima hata moja. Najua mama mmoja aliyeumizwa na haraka. Najua pia mtu aliyekuwa akikunja kidole chake cheusi akingoja. Kama muda ungetumika kwenda Ndithini na kuuliza, ningewapa wabunge muda wote wanaoutaka. Ukitumika kuahirisha tu, basi mguu wa Baba ulikuwa na haki.

Baba aliishi miaka sita baada ya hapo. Alifungiwa mota ndogo kwenye cherehani, akailaani kwa wiki tatu, kisha akaizoea akawa hataki iguswe na mtu. Alifariki asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya kunywa chai. Mama alistaafu, na sasa hukaa kwangu Syokimau kwa majuma kadhaa kila mwaka, akilalamika kwamba majirani zangu hawasalimiani.

Mwaka jana nilimuuliza kama angesema tena yale aliyosema ukumbini.

"Ningesema hayo hayo," alinijibu. "Lakini ningemwambia yeye kwanza, nyumbani, kabla sijaambia watu."

Kisha akaniuliza kama nina mbaazi, kwa sababu alitaka kupika, na nikamwambia ninazo.